Usubi wa Uganda

Usubi wa Uganda ni wadudu wadogo wa familia Simuliidae, katika oda Diptera (nzi na mbu), wanaozaliana katika mito na vijito vya nchi ya Uganda. Majike ya spishi nyingi hunyonya damu ya watu, mifugo au ndege. Spishi chache kati yao hueneza mnyoo *Onchocerca volvulus*, ambao husababisha ugonjwa uitwao upofu wa mto.

Uganda ina nafasi ya pekee katika elimu ya wadudu hawa. *Simulium damnosum*, jina linalojulikana kuliko yote kati ya wasambazaji wa ugonjwa huo barani Afrika, lilitolewa mwaka 1903 kwa kutumia vielelezo vya Uganda. Miaka 63 baadaye, mwaka 1966, lava waliokusanywa Uganda walionyesha kwamba jina hilo moja lilikuwa limefunika spishi kadhaa zinazofanana kwa sura.

Kuorodhesha usubi na kuchora ramani ya mahali wanapoishi si kazi ya makumbusho tu. Kila spishi ina mto wake: mmoja hutaka maji mengi yanayokwenda kasi, mwingine hutaka kijito chenye kivuli cha msitu. Dawa ya kuua lava ikiwekwa katika mto usiohusika, fedha hupotea, viumbe wengine wa majini hudhurika, na watu wanaendelea kuambukizwa. Kwa hiyo historia ya kupambana na upofu wa mto nchini Uganda ni pia historia ya kujua usubi yupi anaishi wapi.

== Jina ==

Kwa Kiswahili neno *usubi* hutumika kwa wadudu mbalimbali wadogo wanaouma. Watu wengi hawatofautishi usubi wa mtoni na wadudu wadogo wa familia Ceratopogonidae, wala na nzi wa mchanga wa familia Psychodidae. Nchini Tanzania neno hilohilo hutumika pia kwa ugonjwa wenyewe, na matangazo ya afya husema "ugonjwa wa usubi" pamoja na matende, kichocho na vikope. Katika makala hii *usubi* ni mdudu wa familia Simuliidae, na ugonjwa unaitwa *upofu wa mto*.

Katika maandishi ya Kiingereza ya mwanzo wa karne ya 20, usubi wa Mto Nile karibu na Jinja aliitwa "nzi mbwa" au "nzi wa Jinja". Jina la kisayansi *damnosum* ni la Kilatini na maana yake ni "mwenye kudhuru" au "mwenye kuleta hasara".

== Maelezo ==

Usubi ana urefu wa milimita 1 hadi 5. Mwili wake ni mfupi na mnene, mara nyingi mweusi au kijivu, na kifua kimeinuka kama kibyongo. Mabawa ni mapana na angavu, na vipapasio ni vifupi. Dume hula maji matamu ya maua tu. Jike pia hula maji hayo, lakini katika spishi nyingi huhitaji damu ili mayai yake yakomae. Tofauti na mbu, ambaye huingiza mrija mwembamba katika mshipa, usubi hukata ngozi kwa sehemu za kinywa zilizo kama misumeno midogo, kisha hunyonya damu inayojikusanya katika kidonda. Huuma mchana na nje ya nyumba, kwa hiyo chandarua hakimkingi mtu dhidi yake.

Jike hutaga mayai mamia kwa mara moja juu ya majani, mawe au matawi yanayoguswa na maji yanayokimbia. Lava hujishikiza kwa kulabu ndogo zilizopo mwishoni mwa fumbatio, juu ya kipande cha hariri alichokitengeneza mwenyewe. Kichwani ana vifagio viwili vya nywele ambavyo hukusanya chembe za chakula zinazopita na maji. Hii ndiyo sababu usubi hawezi kuzaliana katika dimbwi au mtungi: maji yasipokwenda, chakula hakifiki na hewa iliyoyeyuka majini haitoshi.

Baada ya kujibadilisha ngozi mara kadhaa, lava husuka kifuko cha hariri na kuwa bundo ndani yake. Bundo hupumua kwa nyuzi zinazotokea kifuani. Mpevu hutoka majini ndani ya kiputo cha hewa na kuruka mara afikapo juu. Kwa *S. damnosum* katika maji ya joto, muda kutoka yai hadi mpevu ni karibu wiki moja hadi mbili.

=== Kutofautisha spishi ===

Wapevu wa spishi nyingi hufanana sana. Kwa sababu hiyo wataalamu hutegemea zaidi mabundo, hasa idadi na umbo la nyuzi za kupumulia pamoja na umbo la kifuko. Majina mengine yanatokana na alama hizo. *S. cervicornutum* lina maana ya "mwenye pembe za kulungu", na *S. medusaeforme* humlinganisha mdudu na Medusa, mwanamke wa hadithi za Kigiriki aliyekuwa na nyoka badala ya nywele.

Pale ambapo hata mabundo hayatofautiani, hutazamwa kromosomu kubwa zilizomo katika tezi za hariri za lava. Kromosomu hizo zina mistari minene na myembamba, na mpangilio wake huonyesha kama makundi mawili ya usubi huchanganyika kwa kuzaana au la. Siku hizi DNA pia hutumika.

== Historia ya uorodheshaji ==

=== Mwanzo: 1903 hadi 1942 ===

Mwanzoni mwa karne ya 20 janga la malale kando ya Ziwa Viktoria liliwaleta Uganda madaktari na watafiti waliokusanya wadudu wa kila aina wanaouma. Sehemu ya wadudu hao ilipelekwa Uingereza, na mwaka 1903 Frederick Vincent Theobald, aliyejulikana zaidi kwa kazi yake juu ya mbu, alieleza *Simulium damnosum*. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mdudu huyo hueneza ugonjwa. Aliogopwa kwa sababu ya maumivu na uvimbe tu.

Mwaka 1915 Mfaransa Émile Roubaud alieleza *Simulium neavei*, ambaye jina lake linamheshimu mtaalamu wa wadudu Sheffield Airey Neave. Usubi huyu wa misituni alikuja kuwa msambazaji mkuu wa upofu wa mto katika sehemu nyingi za Uganda.

Uhusiano wa usubi na ugonjwa ulithibitishwa mwaka 1926, wakati Donald Blacklock alipoonyesha nchini Sierra Leone kwamba *S. damnosum* hubeba mnyoo *Onchocerca volvulus*. Kuanzia hapo orodha ya usubi ikawa na maana mpya. Mwaka 1933 E. G. Gibbins, mtaalamu wa wadudu wa idara ya tiba ya Uganda, pamoja na Loewenthal waliandika juu ya ugonjwa wa ngozi unaoletwa na mnyoo huo katika eneo la Uganda lenye *S. damnosum* wengi. Mwaka 1936 Gibbins alichapisha kazi yake kuhusu Simuliidae wa Uganda, mojawapo ya orodha za kwanza za usubi wa nchi moja katika Afrika ya kitropiki. Aliuawa nchini Uganda mwaka 1942 akiwa kazini.

Mwaka 1953 Paul Freeman na Botha de Meillon walikusanya maarifa yote yaliyokuwapo katika kitabu kimoja kuhusu Simuliidae wa Afrika kusini kwa Sahara, kilichotolewa na Makumbusho ya Uingereza mjini London. Kitabu hicho kilikuwa msingi wa kazi zilizofuata, pamoja na uainishaji mpya wa Roger Crosskey wa mwaka 1969.

=== Fumbo la lava wa ''S. neavei'' ===

Kwa muda mrefu wapevu wa *S. neavei* walikamatwa kwa wingi misituni, lakini lava wake hawakuonekana popote. Watafiti walipekua mawe, majani na matawi ya vijito bila kuwapata. Katika bonde la Kodera, magharibi mwa Kenya, Garnham na McMahon waliwaangamiza usubi hao mwaka 1946 kwa kutia DDT katika vijito vya eneo zima, wakiwa hawajui bado lava wanakaa wapi hasa.

Jibu lilipatikana Kenya pia. Mwaka 1950 V. D. van Someren na McMahon walitangaza kwamba lava na mabundo wa *S. neavei* huishi juu ya gamba la kaa wa maji baridi. Katika taarifa hiyohiyo walieleza usubi wengine wanaoishi juu ya tunutu wa jenasi *Afronurus*, wadudu wa majini wa oda Ephemeroptera. Mdudu aliyetafutwa juu ya mawe alikuwa akitembezwa chini ya mawe na kaa.

Ugunduzi huo ulibadilisha njia ya kufanya uchunguzi Uganda. Tangu hapo swali la kwanza katika kijito cha msituni limekuwa: kuna kaa, na je, kaa hao wana lava? Magharibi mwa Uganda kaa anayebeba lava wa *S. neavei* ni hasa *Potamonautes aloysiisabaudiae*.

=== Jina moja, spishi nyingi ===

Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba *S. damnosum* hana tabia moja. Mahali pengine aliwashambulia watu sana, mahali pengine aliwaacha watu na kunyonya wanyama. R. W. Dunbar alichunguza kromosomu za lava kutoka mito ya Uganda na mwaka 1966 alitangaza katika jarida *Nature* kwamba ndani ya jina hilo mna spishi nne. Mwaka 1969 alifikisha idadi ya maumbo kuwa tisa, baada ya kuongeza vielelezo vya nchi nyingine.

Maumbo hayo yalipewa kwanza majina ya mahali, kama "Nile", "Jinja", "Sebwe" na "Nkusi". Hivyo mito ya Uganda iliingia katika istilahi za wataalamu wa usubi duniani. Umbo la "Nile" ndilo linalohesabiwa kuwa *S. damnosum* kwa maana finyu. Siku hizi maumbo zaidi ya 50 yanajulikana katika kundi la *S. damnosum* barani Afrika na Bara Arabu. Baadhi yamepewa majina kamili ya spishi na mengine bado yanaitwa kwa majina ya mito.

== Spishi muhimu ==

Familia Simuliidae ina spishi zaidi ya 2,300 duniani. Katika Afrika ya kitropiki karibu zote ni za jenasi *Simulium*. Zifuatazo ni baadhi ya zile zinazohusu Uganda zaidi:

* *Simulium damnosum* (maana finyu): huzaliana katika mito mikubwa yenye maji ya kasi, juu ya mawe na mimea inayoburutwa na maji. Huuma watu na ni msambazaji wa upofu wa mto. Anapatikana hasa kaskazini mwa nchi. Zamani alikuwa wengi katika Nile ya Viktoria.
* *Simulium kilibanum*: wa kundi la *S. damnosum*, alielezwa mwaka 1977 kutoka mashariki mwa Kongo. Anaishi pia magharibi mwa Uganda.
* *Simulium pandanophilum*: wa kundi hilohilo, alielezwa mwaka 1998 kutoka Uganda. Jina lake maana yake ni "mpenda mikadi", yaani mimea ya jenasi *Pandanus*.
* *Simulium neavei*: lava na mabundo huishi juu ya kaa katika vijito vya misitu. Alikuwa msambazaji mkuu katika maeneo mengi ya magharibi, na pia mashariki.
* *Simulium vorax*: hunyonya damu ya mifugo na mara nyingine ya watu.
* *Simulium adersi*: spishi iliyoenea sana Afrika. Hunyonya zaidi damu ya ndege, wakiwemo kuku.
* *Simulium cervicornutum*, *S. medusaeforme*, *S. hirsutum*, *S. alcocki* na *S. unicornutum*: spishi za vijito zilizoenea katika nchi nyingi za Afrika. Hazina umuhimu katika kueneza upofu wa mto, lakini hupatikana mara kwa mara pamoja na wasambazaji na ni lazima zitofautishwe nao.

Orodha ya namna hii haifungwi. Spishi moja inaweza kugawanywa baada ya uchunguzi wa kromosomu, na majina mawili yanaweza kuunganishwa ikionekana ni ya mdudu mmoja.

== Mtawanyiko ==

Usubi hufuata maji, na ramani yao hufanana na ramani ya mito yenye mteremko. Ukanda wa vinamasi na mito inayokwenda polepole katikati ya nchi, kama ule wa Ziwa Kyoga, hauwafai. Makundi makuu ya makazi ni matatu:

* Mito mikubwa yenye maporomoko. Mito ya kaskazini kama Aswa na Pager ni makazi ya kundi la *S. damnosum*, na zamani Nile ya Viktoria kutoka Jinja ilikuwa hivyo pia. Wapevu wake huruka mbali. Katika Afrika ya Magharibi imeonekana kwamba upepo huweza kuwabeba mamia ya kilomita.
* Vijito vya misitu. Itwara, Budongo, Kashoya-Kitomi, Bwindi na mabonde ya Mpamba na Nkusi yamekuwa makazi ya *S. neavei*, ingawa huko Itwara ametoweka. Mdudu huyu hupenda kivuli na unyevu na kwa kawaida haendi mbali na msitu. Kwa hiyo makazi yake ni kama visiwa, na kila kisiwa kinaweza kushughulikiwa peke yake.
* Miteremko ya milima. Katika Mlima Elgon na milima ya Rwenzori vijito baridi na vya kasi vina usubi wa aina mbalimbali, na spishi hubadilika kadiri mtu anavyopanda. Katika miteremko ya chini ya Elgon *S. neavei* alikuwa msambazaji.

Baadhi ya maeneo yamepakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au Sudan Kusini. Lhubiriha, Nyagak-Bondo na Bwindi yako mpakani mwa Kongo. Usubi na kaa hawajui mpaka, na ramani inayoishia kwenye mstari wa nchi huacha nusu ya habari.

== Usubi na afya ya watu ==

Jike anapomnyonya mgonjwa humeza vijiminyoo vilivyomo katika ngozi. Ndani ya usubi vijiminyoo hivyo hukua kwa siku kadhaa, kisha huingia kwa mtu mwingine usubi anapouma tena. Minyoo mipevu huishi katika vinundu chini ya ngozi na majike huzaa vijiminyoo kwa miaka 10 hadi 15. Vijiminyoo vinapokufa katika ngozi husababisha mwasho mkali, na vinapokufa katika macho huharibu uwezo wa kuona.

Matatizo mengine mawili yamehusishwa na ugonjwa huo nchini Uganda. Mwaka 1950 madaktari walieleza hali iitwayo Nakalanga katika eneo la msitu wa Mabira, ambapo watoto hudumaa na mara nyingi hupata kifafa. Baadaye, katika wilaya za kaskazini kama Kitgum na Pader, maelfu ya watoto walipata ugonjwa wa kutikisa kichwa. Mtoto huinamisha kichwa tena na tena, hasa anapopewa chakula, na huendelea kudhoofika mwili na akili. Namna mnyoo unavyoweza kuleta hali hizo bado inachunguzwa, lakini watoto wengi walioathirika walitoka katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye usubi. Mwaka 2012 serikali ilianza kutia dawa ya kuua lava katika Mto Aswa, pamoja na kuwapa watu ivermektini mara mbili kwa mwaka. Tangu hapo watoto wapya wenye ugonjwa huo wamekuwa wachache sana.

== Orodha katika kazi ya udhibiti ==

=== Nile ya Viktoria ===

Wakati wa ujenzi wa bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, usubi waliwasumbua sana wafanyakazi na wakazi. Kuanzia mwaka 1952 DDT ilitiwa katika Nile ili kuua lava. Kwa kuwa *S. damnosum* anaishi katika mkondo wenyewe, dawa iliyotiwa sehemu moja ilichukuliwa na maji hadi kwenye mawe yote ya chini. Usubi walipungua haraka, wakarudi, wakashughulikiwa tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wametoweka katika sehemu hiyo ya mto.

DDT haichagui. Huua wadudu wengine wa majini na hubaki katika mazingira kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo baadaye ilitumika temefosi, dawa inayooza upesi zaidi na kutumiwa kwa kiasi kidogo.

=== Itwara ===

Itwara, karibu na Kyenjojo na Kabarole, ni mfano wa jinsi ramani sahihi inavyopunguza kazi. Msambazaji alikuwa *S. neavei* peke yake. Watafiti, wakiwemo Rolf Garms na Thomson Lakwo, walitembea kijito kwa kijito wakikamata kaa na kuhesabu waliobeba lava. Kuanzia mwaka 1995 temefosi ilitiwa kwa mikono, bila ndege, katika vijito vilivyohusika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 *S. neavei* alikuwa ametoweka huko, na taarifa kamili ilichapishwa mwaka 2009.

Kama wasambazaji wangedhaniwa kuwa kundi la *S. damnosum*, dawa ingepelekwa kwenye mito mikubwa na kaa wa vijito wangeendelea kuwalea lava wao bila kuguswa.

=== Sera ya mwaka 2007 ===

Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itatoa ivermektini bure kwa ajili ya ugonjwa huu, na dawa hiyo ilianza kugawiwa vijijini. Ivermektini huua vijiminyoo lakini haiui minyoo mipevu mara moja, kwa hiyo ni lazima itolewe kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Uganda ilibadilisha lengo lake kutoka kudhibiti ugonjwa hadi kuutokomeza. Ilianza kugawa dawa mara mbili kwa mwaka katika maeneo yaliyochaguliwa, na kuua lava pale ambapo makazi yalikuwa madogo na yaliyotengana. Nchi iligawanywa katika maeneo 17 ya ugonjwa, kila moja likiwa na kumbukumbu yake ya mito, kaa, usubi na wagonjwa.

== Njia za kukusanya ==

Mkusanyaji hutafuta lava na mabundo kwa kuinua mawe, majani na matawi yaliyo katika maji ya kasi. Kaa hukamatwa kwa mitego yenye chambo cha nyama, hukaguliwa na kisha huachiwa. Lava watakaochunguzwa kromosomu huwekwa mara moja katika mchanganyiko wa alkoholi na asidi ya asetiki. Kwa kila kielelezo huandikwa jina la mto, mahali kwa vipimo vya GPS, kimo, tarehe, joto la maji na kitu ambacho mdudu alikishikilia. Kielelezo kisicho na habari hizo kina thamani ndogo hata kikiwa kizima.

Wapevu hukamatwa wanapokuja kuuma. Kwa kawaida mtu aliyefunzwa huketi kando ya mto miguu ikiwa wazi, na kumkamata usubi kabla hajauma. Njia hii huleta swali la usalama wa mkamataji, kwa hiyo mitego ya kitambaa yenye gundi na harufu inayofanana na ya mtu imejaribiwa Uganda pia. Vichwa vya usubi wengi huchunguzwa kwa pamoja kwa njia ya DNA ili kujua kama kuna minyoo iliyo tayari kuambukiza.

== Mabadiliko ya mazingira ==

Mtawanyiko wa usubi hubadilika nchi inapobadilika. Msitu ukikatwa, kijito hukosa kivuli, maji hupata joto, na *S. neavei* huweza kutoweka bila dawa. Hilo halifanyi ukataji wa misitu kuwa njia ya kinga, kwa maana msitu ukiondoka huondoka pia maji safi, samaki na kaa, na spishi za usubi zinazopenda jua huweza kuchukua nafasi.

Mabwawa huleta athari mbili. Juu ya bwawa maporomoko hufunikwa na maji yaliyotulia, na makazi ya lava huisha. Chini ya bwawa, na hasa kwenye njia za kutolea maji, huweza kutokea mikondo mipya ya kasi. Tangu Owen Falls, Nile ya Viktoria imepata mabwawa ya Bujagali, Isimba na Karuma. Kila moja limebadilisha sehemu ya mto, na orodha iliyofanywa kabla ya bwawa haielezi tena mto uliopo leo.

== Maana ya kutopatikana ==

Katika orodha nyingi za wanyama, mahali ambapo spishi haikupatikana huachwa wazi. Katika orodha ya usubi nafasi hiyo wazi ina uzito. Nafasi wazi huweza kumaanisha mambo matatu: usubi hayupo, usubi yupo lakini hakuonekana, au hakuna aliyekwenda kutazama. Mito ya kaskazini haikuweza kufikiwa kwa urahisi wakati wa vita, na kutokuwa na kumbukumbu za miaka hiyo hakuonyeshi kwamba usubi hawakuwapo.

Kwa hiyo mkusanyaji mwangalifu huandika pia safari alizorudi mikono mitupu: kijito gani, siku gani, kaa wangapi walikaguliwa. Shirika la Afya Duniani hutaka ufuatiliaji wa miaka 3 hadi 5 baada ya kusimamisha dawa kabla eneo halijatangazwa kuwa huru. Katika muda huo kaa mia wasio na lava ni ushahidi, na kijito ambacho hakikutembelewa si ushahidi wowote. Kwa msingi huo eneo hutangazwa kuwa huru.